Adabu za Kuhudhuria Kuanguliwa kwa Kasa

Kusi inaposhika, tangu Juni hadi Septemba, viota vya kasa vilivyofukiwa katika fuko za mashariki za kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Mafia, huanza kuanguliwa kimoja baada ya kingine, na watu wa karibu na wa mbali huitwa kuja kuona jinsi vitoto vya mnyama huyu wa kale vinavyotoka mchangani na kushika njia ya bahari. Mkusanyiko wa namna hii haukuwako zamani, kwa kuwa zamani kiota kilichoonekana kilifukuliwa na mayai yakaliwa. Kuwako kwake leo ni jambo la heri, na kila mwenye nafasi ya kuhudhuria ninamsihi ahudhurie. Lakini mahudhurio yana adabu zake. Iko namna ya kuhudhuria inayomfaa mnyama na wenyeji wake, na iko namna nyingine inayomfurahisha mgeni peke yake, ikawaachia wengine hasara asiyoiona kwa sababu amekwisha ondoka. Maneno yafuatayo nayaandika kwa yule atakaye kuwa mgeni wa namna ya kwanza, na namwomba anistahimilie nikikaa zaidi katika mambo ambayo hayamo katika furaha ya siku yenyewe.

Kabla ya kufunga safari, mtu ajitahidi kumjua anayekwenda kumtazama. Katika bahari yetu wamo kasa wa aina tano, na wavuvi wa pwani huwatenga kwa majina pasipo kubabaika: yupo kasa mwenyewe, ambaye wengine humwita kasa uziwa, mlaji wa majani ya baharini, yupo ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka ambao kwa huo huchokoa sifongo katika nyufa za miamba, yupo duvi mwenye kichwa kikubwa, yupo kigome, na yupo noa, mkubwa wao wote, ambaye mgongo wake ni ngozi wala si gamba. Wanaotaga katika fuko za Tanzania ni wawili wa kwanza, na aghalabu kiota utakachoitwa kukiona ni cha kasa uziwa, kwa kuwa ng'amba ni wachache mno. Uchache huo una historia ndefu. Kitabu kile cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza ya Miladi, ambacho wanahistoria hukiita Periplus, kinataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika mji wa Rhapta, pwani yetu hii hii. Na tangu zama hizo hadi juzi magamba ya ng'amba hayakukoma kupakiwa katika majahazi na merikebu ili yafanywe vitana, visanduku na mapambo ya watu wa nchi nyingine. Wavuvi wa pwani hii walikuwa na ustadi wa kumtumia samaki chazo, ambaye alifungwa kamba mkiani, akaachiliwa majini, akajigandamiza katika gamba la kasa kwa nguvu ambazo zilitosha kumvuta hata ubavuni mwa chombo. Nalitaja jambo hili kwa heshima, maana mgeni akidhani kwamba watu wa visiwani wamemjua kasa tangu walipokuja wahifadhi, amekosea tangu hatua ya kwanza. Walimjua, tena walimjua sana.

Fauka ya hayo, msomaji ajue hali ya sasa ilivyo, asije akadanganywa na khabari nusu. Mnamo Oktoba 2025 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, IUCN, lilimwondoa kasa uziwa katika daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka katika daraja la wasio na hofu kubwa, kwa sababu hesabu ya jumla ya dunia imeongezeka tangu miaka ya 1970. Ni khabari njema, na waliokesha fukweni kwa miaka mingi wanastahili kuifurahia. Lakini hesabu ya jumla ya dunia huchanganya pwani zilizoneemeka na pwani zilizofilisika; tena ng'amba amebakia katika daraja la hatari ya mwisho, hatua moja kabla ya kutoweka katika makao yake ya asili. Kwa hiyo mtu akikwambia njiani kwamba kasa sasa hana haja ya kulindwa, muulize ni kasa yupi na wa pwani ipi.

Sasa natazama wakati. Jike hupanda ufukweni usiku, akachimba kwa mapezi ya nyuma shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita, akataga mayai yapatayo mia, pengine yakazidi, akayafukia na kurudi baharini, asiyaone tena wala asiwajue wanawe. Hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kwa nafasi ya kama wiki mbili baina ya taga na taga, kisha hupumzika miaka miwili au zaidi. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na joto la mchanga ndilo lenye kuamua mambo mawili makubwa: muda wa kuangua, na jinsia ya vitoto, kwani mchanga wa joto sana huzaa majike, na mchanga uliopoa huzaa madume, mpaka baina yao ukiwa karibu na nyuzi 29. Mlinzi wa kiota aliyeandika tarehe ya kutagwa anaweza kukukisia siku, wala hawezi kukuahidi saa. Basi mgeni ajipe nafasi ya siku mbili tatu, au zaidi akiweza. Yule afikaye asubuhi na huku amekwisha agana na rubani kwamba jioni atakuwa amerudi Dar es Salaam, amejiweka mahali pa kumlaumu mlinzi kwa jambo ambalo mlinzi hana amri nalo.

Hapa pana jambo zito kuliko uchovu wa safari, nami napenda kulikalia. Vitoto vikisha kuvunja mayai yao havitoki saa ile ile; hukaa chini ya mchanga siku kadhaa, vikimaliza kiini cha yai kilichobaki tumboni na kupanda polepole, kimoja kikisukumana na chenziwe, hadi karibu na uso wa ufuko, na hapo hungoja mchanga upoe. Mtu akikifukua kiota katika siku hizo, hutoa vitoto ambavyo bado havijakamilika nguvu, navyo huingia baharini kwa udhaifu. Sasa fikiri: mgeni ametoka mbali, amelipa nauli kubwa, jua linakuchwa, naye anamwambia mlinzi, ambaye pato lake ni dogo, kwamba atampa chochote endapo atafukua kidogo tu ili apate kuona. Ombi hilo huja na tabasamu, na kwa hiyo ni gumu kulikataa kuliko amri. Mlinzi akikataa hupoteza fedha ambazo watoto wake wangezila. Akikubali huharibu kazi ya usiku hamsini. Insafu hairuhusu kumtia mtu maskini katika mtihani wa namna hii kwa ajili ya starehe ya saa moja. Kama siku zako zimekwisha na kiota hakijafunguka, toa shukrani, lipa ulichoagana, uende zako. Waliokaa kitako mchangani jioni nzima na wasione kitu wamehudhuria kama waliohudhuria wengine.

Mintarafu ya safari yenyewe nitasema machache. Mafia hufikiwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, au kwa chombo kutoka Nyamisati hadi Kilindoni; kutoka Kilindoni njia huvuka kisiwa hata Utende, ambapo ndipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya namna yake nchini Tanzania. Kutoka Utende mashua huvuka ghuba ya Chole kwenda Juani, na saa ya kuvuka haiamuliwi na mgeni wala na nahodha, bali na maji: bahari ikipwa, hasa siku za bamvua, chombo hulala juu ya tope na abiria huvua viatu. Kusi huleta upepo mkali na mawimbi, kwa hiyo chukua koti la mvua na mfuko wa kufunika vyombo vyako. Halafu kuna mwendo wa miguu kukata kisiwa hadi ufuko wa mashariki. Vaa viatu vya kufunika vidole, chukua maji ya kunywa ya kutosha kwenda na kurudi, na nguo za rangi iliyofifia, za kusitiri mwili, kwa sababu utapita katika kijiji cha watu wenye heshima zao, na pia kwa sababu nguo nyeupe huonekana mno jioni. Wenye kupenda historia na waombe kupitishwa kwenye magofu ya Kua, mji uliopigwa na Wasakalava waliotoka Bukini mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Yamo katika kisiwa hicho hicho.

Ukifika kijijini usianze kuuliza kasa watatoka saa ngapi. Salimia. Mzee unayemkuta barazani mpe shikamoo yake, akina mama uwape yao, ujulishwe kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa aliyemwakilisha, na kama wakati wa sala umeingia ungoje bila ya kutazama saa ya mkononi. Haya si mapambo. Ufuko ule ulilindwa kwa sababu wenyeji walikubali ulindwe. Shirika la Sea Sense, lililoanzishwa mwaka 2001, lilipoingia Mafia halikuleta askari. Liliwafundisha wanakijiji wenyewe kutembea doria alfajiri, kutambua nyayo za jike, kupima, kuandika, kuhamisha viota vilivyotagwa mahali ambapo maji yangevifikia, na likaweka malipo madogo kwa aliyetoa khabari za kiota na kukiacha hadi kikaanguliwa. Wizi wa mayai ulipungua mno. Sehemu ya ada ya mgeni hurudi kijijini, na ni haki yako, tena ni wajibu wako, kuuliza kwa upole ni sehemu gani na imefanya nini. Anayeona haya kuuliza huwanyima walio wanyofu nafasi ya kujibu.

Tumefika ufukweni. Mlinzi atakuonyesha mahali pa kusimama, na mahali hapo ni nyuma ya kiota, upande wa nchi kavu, au ubavuni mbali kidogo, na njia yote baina ya kiota na maji ikabaki wazi. Usimame hapo hata kama mwenzako amesogea. Vitoto hushika upande wenye mwanga zaidi na ulio wazi, nao kwa desturi ya maumbile ni upande wa bahari. Mwanga wa simu, wa tochi nyeupe au wa kamera huvipoteza, vikageuka na kwenda vichakani ambako hukauka au huliwa. Kwa hiyo zima simu kabisa, usiigeuze tu uso chini; na kama giza limeingia, taa iwe nyekundu na iwe mkononi mwa mlinzi peke yake. Picha zitapatikana wakati mwanga wa jua bado upo, na zisipopatikana si msiba. Nimeona watu wazima wakipigana vikumbo kwa ajili ya picha ya kitu ambacho macho yao hayakukitazama hata mara moja, na sikuona faida waliyoipata. Nyayo zako mwenyewe zifukie: shimo la kisigino ambalo kwako si kitu, kwa mnyama mwenye urefu wa sentimita tano ni bonde, na akiangukia humo kichalichali hupoteza nguvu anazozihitaji majini.

Kinachotokea nitakieleza kama kilivyo, ili asiyewahi kukiona ajue atazame nini. Kwanza mchanga hubonyea kidogo, pakawa na kidimbwi kikavu ambacho asiyeonyeshwa asingekitambua. Kisha hutokeza pua moja, nyeusi, yenye chembe za mchanga kwenye kope, na juu ya pua hiyo kuna kinundu kigumu cheupe, jino la muda ambalo kwalo kitoto kimepasulia yai. Nayo hutulia tuli, pengine kwa muda mrefu, hata wasiozoea wakadhani imekufa. Mara chini yake wengine husukuma, na mchanga wote ukatokota kama uji jikoni, na kumi, ishirini, hamsini wakamwagika kwa pamoja, mgongo mweusi na tumbo jeupe, kila pezi limetiwa ukingo mweupe mwembamba, wakitambaa kwa mapezi ya mbele na kusimama, kutambaa na kusimama. Wimbi la kwanza huwarudisha nyuma. La pili huwachukua. Ndani ya maji mwendo wao hubadilika ghafula, wakaogelea kwa nguvu bila ya kupumzika, kwani huo wa kwanza ni mbio za usiku na mchana kuelekea maji ya kina.

Moyo wa binadamu ukiona kimoja kimechelewa hutaka kukiinua. Jizuie. Wataalamu wengi huona kwamba katika mwendo huo wa mchangani na majini kitoto huchukua alama za pwani yake, ambazo jike atakaposalimika atazifuata akiwa mtu mzima, baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, ili arudi kutaga katika pwani zile zile. Kaa wakitoka au kunguru wakishuka, mwachie mlinzi aamue. Yeye anajua lini kuingilia na lini kuacha. Ukiwa umekuja na watoto, jambo ambalo nalisifu sana, wakalishe chini kabla, uwaeleze kwamba hawatashika, na uwape kazi ya kuhesabu. Mtoto mwenye kazi hutulia kuliko mtoto aliyekatazwa.

Siku kadhaa baada ya kiota kufunguka, walinzi hukichimba chote ili wapate hesabu, na kwa maoni yangu tendo hilo lina elimu kubwa kuliko lile la kwanza, ijapokuwa wageni wachache hulitaka. Mlinzi hulala kifudifudi, mkono umeingia hadi begani, na hutoa maganda kwa magao na kuyapanga mchangani: haya ni matupu, yaani vitoto vilitoka, haya hayakushika mimba, haya yalianza yakafa, na ukipasua moja utaona kitoto chenye jicho na gamba laini, na pengine kule chini kabisa hupatikana vitatu vinne vilivyo hai, vimenaswa na mizizi. Hesabu hii huandikwa katika daftari, mstari kwa mstari. Ukipata nafasi ya kushika daftari hilo na kuandika unayotajiwa, umefanya kazi yenye manufaa, nawe utakuwa umejua kwa nini mlinzi anakasirika akiona moto wa kambi umewashwa juu ya ufuko.

Naja sasa kwenye shabaha ya makala yangu, nayo ni hii: usiridhike na vitoto. Ni vizuri, na kuviona huleta furaha isiyosemeka. Lakini aliyeviona akarudi nyumbani akidhani ameona ulinzi wa kasa, ameona mlango tu. Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Marekani, Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell, walitoa hesabu juu ya duvi wa pwani ya kusini-mashariki ya nchi yao, na hesabu hiyo ilionyesha kwamba hata mayai yote yangelindwa, jamii ile isingeongezeka ikiwa wakubwa wanaendelea kufa katika nyavu. Kuwaokoa waliokwisha pita hatari za utotoni kulikuwa na nguvu kuliko kuongeza vitoto. Sababu yake ni wazi kwa mtu yeyote atakayefikiri. Inakadiriwa kwamba katika vitoto elfu pengine kimoja ndicho kifikacho utu uzima. Basi jike mmoja aliyekomaa ni salio la viota vingi sana, na jike huyo akifa, pengo lake halijazwi kwa jioni moja ya shangwe ufukweni.

Na hufa wapi? Hapa kwetu, jarife. Ni wavu wenye macho makubwa, unaotegwa kwa papa na taa, ukaachwa majini usiku kucha. Kasa huingia, naye ni mnyama wa kupumua hewa, hata asubuhi akakutwa amezama. Mvuvi hakumtafuta, na mara nyingi hakumtaka, maana kasa mkubwa hupasua wavu na kuacha hasara ya kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo katika mkusanyiko wowote wa kasa, mtafute mvuvi. Atakuwapo, aghalabu amesimama nyuma, kwa kuwa amezoea kuambiwa kwamba yeye ndiye adui. Msalimie, uombe kukaa naye, umwulize bei ya jarife, umwulize hutegwa wapi na miezi gani, umwulize afanyaje akimkuta kasa angali hai na mikono yake ni miwili tu na pepo zinavuma. Usimkatize wala usimhutubie. Katika majibu yake utapata elimu ambayo haimo katika mabango, na yeye atakuwa ameona kwamba mkutano ulimhesabu.

Huko Watamu, Kenya, shirika ambalo lilianza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch na ambalo leo linaitwa Local Ocean Conservation, limeujenga mpango wake juu ya insafu hii: mvuvi akimkuta kasa wavuni hupiga simu, watu huja kumchukua, kumpima na kumwachia, na mvuvi hupewa fidia ndogo kwa taabu yake. Wapo wanaosema kwamba haifai kumlipa mtu kwa kutii sheria. Mimi nasema kwamba sheria ipo, nayo ni kali: kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza kumvua, kumuua na kumuuza kasa, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 ina adhabu nzito, lakini baharini saa nane za usiku hakuna hakimu, yuko mvuvi peke yake na mnyama wake, na neno litakaloamua ni kama mvuvi yule anaona kasa aliye hai ana maslahi kwake.

Mazungumzo yakifika kwenye kula nyama ya kasa, nayo yatafika, jihadhari na dharau. Nyama ile ilikuwa chakula cha watu wa pwani na visiwa kwa karne nyingi, na wazee unaokutana nao huenda waliilia harusini. Ila ni haki kusema, tena kwa sauti, kwamba nyama ya kasa huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na ambayo haina dawa yake maalumu. Pemba ilifiwa na watu saba Novemba 2021 kwa kula nyama hiyo, na Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, huko huko Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, wengine wengi wakalazwa hospitali. Sumu hiyo hujitokeza kwa wanyonyao kwa ukali zaidi, hata kwa njia ya maziwa ya mama. Mwenye mwana mdogo nyumbani atalisikia neno hili kabla ya kusikia hoja yoyote ya uhifadhi, nalo ni la kweli.

Katika matumizi ya fedha zako, lipa ada iliyowekwa na uchukue risiti. Nunua chakula kijijini, chukua mwongozaji wa hapo hapo. Usilipe mahali popote ambapo kasa amefungiwa kwenye birika dogo ili wageni wamshike na kumwinua, hata ukiambiwa kwamba anatibiwa. Mnyama anayetibiwa hupumzishwa, hashikwi na mikono mia kwa siku. Na endapo sokoni utaonyeshwa bangili au kitana cha ng'amba, usikinunue, kwa kuwa ni kosa: biashara ya magamba hayo baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, na forodhani utanyang'anywa na kushitakiwa.

Ukirudi kwako, mambo yako hayajaisha. Mwenye nyumba au hoteli iliyoelekea ufuko azifunike taa zake upande wa bahari katika miezi ya kutaga na kuangua, na asijenge ukuta pale ambapo jike hupanda. Tarehe 16 Juni kila mwaka ni siku ya kasa duniani, iliyowekwa kwa kumbukumbu ya kuzaliwa Archie Carr, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1909, nayo kwetu huangukia mwanzo wa kuanguliwa. Mwalimu wa shule ya pwani aweza kuitumia kumwalika mlinzi na mvuvi wakae mbele ya wanafunzi pamoja.

Kasa akikutwa wavuni amezimia, usidhani mara moja kwamba amekufa. Alazwe kifudifudi, nyuma yake ikainuliwa juu kuliko kichwa ili maji yamtoke, afunikwe kitambaa kilicholowa maji kivulini, na aachwe hivyo saa nyingi, hata usiku mzima, kabla ya kukata tamaa. Naye akiwa na kibati chenye nambari katika pezi, usikitoe kama yu hai. Soma nambari na maandishi ya pande zote mbili, andika tarehe na mahali, upime urefu wa gamba, kisha upeleke khabari kwa afisa uvuvi wa wilaya. Kasa waliovishwa vibati Komoro na Shelisheli wamewahi kuonekana katika maji ya Tanzania, na nambari moja iliyosomwa barabara hueleza safari ambayo hakuna mlinzi awezaye kuifuata kwa miguu. Kwa hiyo iandike papo hapo, kwa wino, kabla mikono haijakauka.